Tokyo, Kyoto au Kanazawa: Ulale Wapi, Unywe Wapi, Ule Wapi

Anayeitamani Japani ya kifahari huwa na picha tatu kichwani. Kuna chumba, chenye dirisha la ghorofa ya hamsini au mikeka ya tatami. Kuna kaunta ya baa, ambako bwana aliyevaa tai anachonga barafu kwa kisu kama ana siku nzima. Na kuna chakula ambacho ukiondoka mji ule hukikuti tena. Picha zote tatu ni za kweli. Tatizo ni kwamba zote zinagombea jioni ileile.

Ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi, hukuandalia chakula saa kumi na mbili au saa moja jioni, na mlo wenyewe unaweza kwenda saa mbili nzima. Kaunta ya sushi inakutaka ufike kwa dakika uliyopangiwa. Baa nazo hunoga muda huohuo, na treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Kwa hiyo ukijiuliza uende mji gani, swali lenyewe hasa ni hili: kati ya chumba, glasi na sahani, kipi kitawale jioni zako?

Nimechagua miji mitatu inayojibu swali hilo kwa njia tofauti. Osaka na Fukuoka nimeziacha si kwa ubaya. Raha yao kubwa iko mtaani, kwenye vibanda na vimigahawa vya bei poa, na hiyo ni safari ya aina nyingine.

Vigezo

*Chumba.* Sihesabu nyota. Naangalia unalala wapi, unaoga wapi, na bei inahesabiwaje. Hoteli ya kawaida hutoza kwa chumba. Ryokan hutoza kwa kichwa, na ndani ya bei hiyo mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Asiyelijua hili ataona ryokan ya yen 60,000 aione nafuu kuliko hoteli ya yen 90,000, kumbe kwa watu wawili ni yen 120,000. Ila ndiyo hivyo, mmeshakula.

Kuoga nako kuna mambo yake. Bwawa la chemchemi ya maji moto huogewa uchi, wanaume kwao, wanawake kwao. Kwa wengi wetu, hasa anayejisitiri kwa sababu ya dini, hilo si jambo dogo. Tafuta chumba chenye bwawa lake binafsi, au nyumba inayokodisha bwawa la faragha kwa saa. Mwenye tatuu naye aulize mapema, kwani nyumba kadhaa hazimruhusu kwenye bwawa la wote.

*Glasi.* Wingi na ubora wa baa, na umbali wake kutoka kitandani. Kote Japani, baa nyingi za kokteli hutoza ada ya kiti, mara nyingi ikiambatana na kisahani cha kitafunio usichokiagiza. Haujaibiwa, ni desturi. Bakshishi hakuna. Umri wa kunywa ni miaka 20. Na asiyekunywa kabisa asijinyime baa: mwambie bartenda "bila kileo", naye atakutengenezea kitu cha matunda ya msimu kwa umakini uleule anaoutumia kwa wengine.

*Sahani.* Hapa nauliza chakula cha mji wenyewe. Kwa Waislamu, nguruwe hukwepeka kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, maana vyakula vya hali ya juu vya miji hii vimeegemea samaki na mboga. Shida ni sake (pombe ya mchele, ambayo pia hunywewa) na mirin, pombe mbili za mapishi zinazoingia karibu kila mchuzi. Usingoje kuuliza ukiwa mezani. Mpishi wa kaiseki, ule mlo wa sahani ndogo nyingi zinazofuatana, hana menyu ya kuchagua, na jikoni kwake maandalizi huanza kabla hujafika. Sema siku unayoweka nafasi.

*Pesa na usumbufu.* Kutoka Dar es Salaam au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapitia Doha, Dubai au Addis Ababa, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza. Hayo ni yaleyale kwa miji yote mitatu. Kinachotofautisha ni uwanja utakaotua, msimu na kodi za malazi.

Tokyo

*Chumba.* Tokyo unalala juu. Aman Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 2014, imekaa kwenye ghorofa za juu za mnara wa Otemachi. Park Hyatt imo tangu 1994 kwenye ghorofa za 39 hadi 52 za jengo la Shinjuku lililosanifiwa na Kenzo Tange. Asubuhi ya baridi ikiwa kweupe unauona mlima Fuji ukiwa bado kitandani. Hoshinoya Tokyo, ya mwaka 2016, imefanya jambo lisilotarajiwa: imeisimamisha ryokan wima katikati ya mtaa wa mabenki. Unavua viatu mlangoni, korido zina tatami, na juu kabisa mna bwawa la maji ya moto yanayovutwa kutoka chini ya mji huohuo. Anayetaka ladha ya ryokan bila kupanda treni nyingine hiyo inamtosha, ingawa bustani hana.

*Glasi.* Hapa ndipo Tokyo inapostahili safari yake. Ginza kuna ukoo mzima wa mabartenda waliorithishana ufundi: Kazuo Uyeda alijulikana kwa namna yake ya kutikisa iitwayo hard shake; Hisashi Kishi wa Star Bar alitwaa ubingwa wa dunia wa chama cha mabartenda, IBA, mwaka 1996; Hidetsugu Ueno wa Bar High Five amewafundisha wengi duniani namna barafu inavyokatwa. Shinjuku, ghorofa ya tisa ya jengo usiloweza kulitambua kwa nje, Hiroyasu Kayama wa Bar Benfiddich huponda mimea na viungo kwa kinu na mchi mbele yako, mingine ikitoka shamba la familia yake Saitama. Azabu-Juban, Gen Yamamoto ana viti vinane tu, na haagizwi. Anakupangia vinywaji vidogo vinavyofuatana kwa matunda ya msimu, kama mlo.

Anayependa historia aende Old Imperial Bar kwenye hoteli ya Imperial. Jengo la hoteli hiyo lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright lilifunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1923, siku ileile ya tetemeko kuu la Kanto, likasalimika. Baadaye lilibomolewa, lakini mabaki yake kadhaa yamo ndani ya baa hiyo.

Masharti ni machache ila ni ya kweli. Msiende kundi la watu watano. Viti havitoshi na mtarudishwa mlangoni. Ongea kwa sauti ya chini. Mara nyingi hakuna orodha: utaje unachopenda, kikavu au kitamu, chenye ndimu au kisicho nayo, umwachie mwenyewe. Jumapili baa nyingi za Ginza hufungwa, na vijibaa vingine bado vinaruhusu sigara.

*Sahani.* Sushi ya mtindo wa Edo, jina la zamani la Tokyo, ilizaliwa hapa karne ya 19 kama chakula cha haraka cha mtaani, samaki wa ghuba wakilowekwa siki au sosi ya soya ili wasiharibike. Leo ndiyo kaunta ghali kuliko zote. Soko la jumla lilihamishwa kutoka Tsukiji kwenda Toyosu mwezi Oktoba 2018. Zaidi ya sushi kuna tempura (vya kukaangwa ndani ya unga), soba (tambi) na unagi (mkunga), na kila mkoa wa Japani una mgahawa wake mahali fulani Tokyo. Utakula vya Ishikawa, Kagoshima na Hokkaido bila kutoka mjini. Ni vizuri, ila kaa aliyesafiri usiku kucha si yule aliyeshushwa asubuhi, na wapishi wenyewe watakwambia.

*Pesa na usumbufu.* Hoteli za kundi hili huvuka yen 100,000 kwa usiku bila kuona aibu. Kodi ya malazi ni ndogo. Usumbufu uko kwenye nafasi za kaunta: maarufu hujaa wiki nyingi kabla, na baadhi hazipokei watoto. Umuombe mhudumu wa hoteli akushikie, ndiyo kazi yake.

Tokyo inamfaa anayekesha, anayependa kubadili baa mbili au tatu kwa usiku mmoja, na anayetaka hoteli iwe mahali pa kurudi tu.

Kyoto

*Chumba.* Tangu mwaka 2007 majengo ya katikati ya Kyoto hayaruhusiwi kuvuka mita 31. Sheria hiyo moja imeamua sura ya anasa yote ya mji: haiwezi kupanda, imebaki kutambaa. Unachokilipia ni bustani, ukimya na mbao. Aman Kyoto ya 2019 imejificha kwenye msitu wa kaskazini. Four Seasons ya 2016 imezunguka bwawa la bustani lenye umri wa miaka 800 hivi. Hoshinoya Kyoto, pale Arashiyama, unapelekwa kwa mashua kupitia mtoni.

Lakini niseme wazi: kulala Kyoto kwenye hoteli ya kawaida ya kifahari, hata iwe nzuri namna gani, ni kukosa kitu ambacho mji huu unakijua zaidi. Tawaraya ina zaidi ya miaka 300. Hiiragiya, iliyo ng'ambo tu ya barabara, ilianza 1818. Ni nyumba za mbao zenye vyumba vichache. Mhudumu mmoja hukupokea, hukuletea chai, hukuandalia bafu la mbao lililo ndani ya chumba chako, huleta mlo sahani baada ya sahani hapohapo chumbani, kisha hutoa meza na kutandika godoro. Anayezoea kujifanyia mambo yake atajisikia kubanwa. Anayekubali kuhudumiwa ataelewa kwa nini watu hurudi.

Na mwenye magoti mabovu aulize viti. Hili linasahauliwa sana na wanaowapeleka wazazi.

*Glasi.* Baa ni chache kuliko Tokyo, ila hazina unyonge. Kenji Tsubokura wa Bar Rocking Chair, baa iliyo ndani ya nyumba ya kale ya mbao, alikuwa bingwa wa dunia wa IBA mwaka 2016. Kingo za mto Kamo, mitaa ya Pontocho na Kiyamachi, zina kaunta nyingine nyingi. Pombe ya jini (gin) iitwayo Ki No Bi, iliyoanza kutengenezwa mjini humo mwaka 2016, ina chai ya gyokuro, yuzu na pilipili ya sansho, na kuinywa pale inakotoka kuna maana yake. Wilaya ya Fushimi ni ya sake. Kiwanda cha wiski cha Yamazaki, kilichoanza 1923, kiko safari fupi ya treni kutoka stesheni ya Kyoto, ila nafasi za kutembelea huombwa mapema sana.

Kikwazo ni kile nilichokitaja mwanzo. Ukiwa ryokan, chakula kikiisha saa tatu usiku, godoro limetandikwa na una vazi la yukata mwilini. Wachache hutoka tena. Baadhi ya nyumba hata hufunga mlango mapema.

*Sahani.* Kyoto haina bahari, na chakula chake kimetokana na upungufu huo. Mwani mkavu wa kombu ulikuja kwa meli kutoka Hokkaido, ukawa msingi wa mchuzi. Samaki ambaye kwa Kijapani huitwa saba, jamii ya vibua wetu, alipakwa chumvi pwani ya Wakasa akabebwa mgongoni kupita milimani. Alipofika Kyoto alikuwa ameiva chumvi kiasi cha kufaa kwa sushi ya kubanwa, na hadi leo ndivyo anavyoliwa. Hamo, aina ya mkunga mwenye vimiba visivyohesabika, alipendwa kwa sababu alifika akiwa hai hata katika joto la Julai. Mpishi humkata mikato myembamba mingi bila kutoboa ngozi, vimiba vikapotea mdomoni. Kwa hiyo unacholipia Kyoto ni mkono wa mpishi. Kikunoi ya 1912 na Hyotei, iliyoanza kama kibanda cha chai miaka 400 hivi iliyopita, ni mifano inayofikika. Hyotei hutoa hata uji wa wali wa asubuhi. Nyumba nyingine hazimpokei mtu asiyeletwa na mteja wa zamani, na hilo halibadiliki kwa pesa.

Asiyekula nyama ana bahati zaidi hapa kuliko popote: tofu ya moto, na vyakula vya hekaluni kama vya Shigetsu ndani ya Tenryu-ji. Hata hapo uliza kuhusu mirin.

*Pesa na usumbufu.* Kodi ya malazi ilipandishwa kuanzia Machi 2026. Chumba cha yen 50,000 hadi 99,999 kwa mtu kwa usiku kinatozwa yen 4,000 juu yake, na kuanzia yen 100,000 ni yen 10,000, kwa kila mtu, kila usiku. Wawili kwa siku tatu kwenye daraja la juu ni yen 60,000 za kodi tu. Aprili ya maua na Novemba ya majani mekundu mji hufurika hadi raha inapungua. Januari na Februari ni baridi, lakini Kyoto inakuwa na nafasi ya kupumua.

Inamfaa anayetaka chumba chenyewe kiwe safari, wenza wanaotafuta utulivu, na mtu asiyehuzunika kulala saa nne.

Kanazawa

*Chumba.* Mjini kuna hoteli nzuri, kama Hyatt Centric ya mwaka 2020 karibu na stesheni, lakini anasa ya kiwango cha Aman usiitafute. Utajiri uko nje kidogo, kwenye chemchemi za Kaga, ambako treni ya mwendokasi hukufikisha chini ya nusu saa, kisha gari. Yamashiro kuna Beniya Mukayu, ambako vyumba vina bwawa la nje la binafsi. Kwa familia inayojali stara, hili linamaliza mjadala. Yamanaka kuna Kayotei, ndogo, inayosifiwa kwa kifungua kinywa chake.

*Glasi.* Mtaa wa Katamachi na jirani yake Korinbo una baa ndogo nzuri, na bartenda ana muda wa kuongea nawe. Lakini asiye mpenzi wa sake atakuwa anakosa kiini: Fukumitsuya imekuwa ikitengeneza sake mjini humo tangu 1625, na mafundi wa sake wa rasi ya Noto wana jina Japani nzima. Ukilala Kaga, sahau baa za mji; utakunywa ulipo.

*Sahani.* Hapa bahari iko mlangoni, na ndiyo maana nauweka mji huu pamoja na wakubwa wawili. Soko la Omicho lina karibu miaka 300. Nodoguro, samaki mwenye mafuta kiasi cha kujichoma mwenyewe, huliwa akiwa amebabuliwa ngozi. Kamba watamu wa amaebi huliwa wabichi. Tarehe 6 Novemba hufunguliwa msimu wa kaa: jike mdogo, kobako, mwenye mayai ndani, huisha mwishoni mwa Desemba, dume mwenye lebo ya buluu huendelea hadi Machi. Kisha ngurumo za majira ya baridi huanza, na wenyeji husema zinamwamsha buri, samaki wa jamii moja na kolekole, anayefika akiwa amenona. Nchi kavu kuna jibuni, bata aliyepakwa unga akapikwa kwenye mchuzi mzito, na mboga za Kaga, hasa mizizi ya yungiyungi. Vyombo navyo ni vya hapohapo: kauri za Kutani, laka za Yamanaka na Wajima. Karibu dhahabu yote ya kupamba inayofuliwa Japani hutoka mji huu, ndiyo maana utauziwa aiskrimu iliyovikwa dhahabu. Kwenye ladha dhahabu haiongezi chochote.

Kwa anayekwepa nguruwe, mji huu ni mwepesi. Kwa anayekwepa pombe ya mapishi, sushi na samaki wa kuchomwa kwa chumvi ndiyo kimbilio, ukikumbuka kwamba sosi inayopakwa sushi huwa na mirin mara nyingi. Omba chumvi badala yake.

*Pesa na usumbufu.* Kutoka Tokyo ni saa mbili na nusu kwa treni ya mwendokasi, reli iliyofika mwaka 2015. Tangu Machi 2024 reli hiyo imefika Tsuruga, na anayetoka Kyoto sasa analazimika kubadili treni hapo. Bei za kula ni nafuu kuliko miji ile miwili kwa samaki wa kiwango kilekile, isipokuwa kaa, ambaye hana huruma. Hali ya hewa ni mbaya hasa msimu ambao chakula ni kizuri. Wenyeji wana usemi kwamba hata ukisahau chakula cha mchana usisahau mwavuli. Tetemeko la Januari 1, 2024 liliiumiza rasi ya Noto vibaya. Kanazawa yenyewe inapokea wageni kama kawaida, lakini aliyepanga kwenda Wajima, iliyo kwenye rasi hiyo, aangalie hali ilivyo kwanza.

Inamfaa mlaji. Na aliyekwisha kuiona Tokyo.

Kwa hali yako

Una siku nne tu na unatua Tokyo: baki Tokyo. Usikimbilie Kyoto kwa usiku mmoja wa ryokan unaoanza saa kumi na kuisha saa nne asubuhi, kisha ukaulipia bei hiyo ukiwa na usingizi wa ndege.

Ni fungate: Kyoto, usiku mbili za ryokan, kisha usiku mmoja au mbili hoteli ya kawaida ili mpate na baa. Tafuteni ndege ya kutua Kansai, uwanja wa Osaka. Kutoka hapo treni ya Haruka hufika Kyoto kwa saa moja na robo hivi.

Unasafiri na wazazi au familia yenye kujisitiri: Kaga, chumba chenye bwawa lake, na mchana mmoja Omicho. Watoto hawatachoka na kaa.

Hunywi pombe kabisa: usiiondoe Tokyo kwenye orodha kwa sababu hiyo, ila pesa ya glasi utaiona ina thamani zaidi ukiipeleka kwenye sahani za Kanazawa au mlo wa tofu wa Kyoto.

Kokteli ndiyo sababu ya safari: Tokyo, Jumatatu hadi Jumamosi, hoteli ya Ginza au Shinjuku, na chakula cha jioni kiwe chepesi na cha mapema.

Una siku kumi na mfuko unaruhusu: ingia Tokyo, pitia Kanazawa, malizia Kyoto, utokee Kansai. Kuna tiketi ya treni ya wageni iitwayo Hokuriku Arch Pass inayofuata njia hiyohiyo. Masanduku makubwa usiyaburuze kwenye ryokan. Yatume kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka hoteli moja hadi nyingine, kwa kawaida hufika kesho yake, nawe ubebe begi la usiku mmoja.